Meno Mapya ya Nusumita

Watu wanasema shemeji yangu alikuwa amelewa siku ile. Hakuwa amelewa. Tangu nimjue hajawahi kuonja kitu kinacholevya, na asubuhi hiyo alikunywa chai mezani kwangu, akamaliza kikombe, akakisuuza mwenyewe. Naandika haya ili anayetaka kumsema amseme kwa yaliyotokea.

Yeye ni mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu. Mume wangu alikuwa pande la mtu, na watu walimwita Winchi kwa sababu alinyanyua kwa mabega magogo ambayo wengine waliyafunga kamba. Mdogo wake alikuwa fundi viatu kwa miaka sita. Alipoliacha lile banda la viatu na kumfuata kaka yake kwenye miti, wakataji walimtazama kuanzia juu hadi chini, hawakuchukua muda, wakamwita Nusumita. Jina likamganda. Hata mkewe humwita hivyo, hasa akiwa na furaha.

Mume wangu alikuwa na sheria mbili ambazo sikumwona akizivunja. Ya kwanza ilihusu sinia. Kila alipoufungua msumeno wake wa mashine, alitandika kitambaa cheupe juu ya sinia kubwa, akapanga kila parafujo na kila kipuri kwa mpangilio wa kutoka kwake. Akishafunga, sinia lilipaswa kuwa tupu. Likibaki na kitu, hata kama ni washa ndogo ya kukalia nati, mashine haitoki nyumbani. Sheria ya pili ilikuwa ya familia nzima. Tunakosoana jikoni. Mbele za watu, mtu wa nyumba hii hakosolewi na mtu wa nyumba hii. Nilifundisha shule kwa miaka thelathini na moja, kumi na miwili kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na hakuna aliyewahi kusikia ya kwangu nje.

Winchi alifariki kwa ugonjwa wa moyo, kitandani kwake. Mashine ikabaki kwangu. Baada ya miezi mitatu nilimpa Nusumita.

"Shemeji, hii ni ya kaka," alisema, akaishika kama anayeshika mtoto wa watu.

"Sasa ni ya nyumba," nikamjibu. "Nenda kafanye kazi."

Lakini ilikuwa imenunuliwa kwa mabega ya Winchi. Ule upanga wake, yaani bapa refu linalozungukwa na mnyororo wa kukatia, ulimfika Nusumita kiunoni ukiusimamisha chini. Kaka yake aliisukuma ndani ya gogo kwa nguvu za mwili tu. Yeye alirudi jioni akiwa ameshika kiuno, na kwenye kiwanda cha mbao walikuwa hawaishi kumtania.

"Nusumita, leo umeibeba au imekubeba?"

"Tumepokezana," alikuwa akijibu, nao wanavunjika mbavu.

Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Wateja wa zamani wa mume wangu walianza kupeleka kazi zao kwingine, na mmoja alinisimamisha njiani kunipa pole kana kwamba nimefiwa tena.

Ndipo alipokuja na wazo la meno. Mbele ya mashine, pale upanga unapotokea, kuna meno ya chuma yasiyokata chochote. Kazi yake ni kung'ata gogo ili mashine isiteleze, na mkataji aizungushe hapo kama mlango kwenye bawaba. Ya mashine yetu yalikuwa mafupi, na yalikuwa upande mmoja tu. Winchi hakuyahitaji.

"Yakiwa makubwa, tena pande zote mbili," Nusumita alinieleza, akichora kwa kidole juu ya meza, "mti wenyewe ndio utabeba uzito. Mimi nitanyanyua mkono wa nyuma wa mashine tu. Shemeji, nitakata kama kaka."

Maneno hayo ya mwisho yalinigusa, sitaficha. Nikamwambia aende.

Fundi wa kuchomelea alimkatia meno kutoka chuma cha springi ya lori, mazito, yenye ncha nne kila upande, kila ncha ndefu kama kidole changu cha kati. Aliyaleta mwenyewe, akayaweka mezani.

"Mwalimu, haya yakimng'ata mtu hayaachii," alisema akicheka.

Nikamwambia ayatoe juu ya kitambaa changu cha meza.

Nusumita aliyafunga jikoni kwangu mchana wa Jumapili, sinia mbele yake. Mikono yake ilijifunza uvumilivu kwenye viatu, na ilikuwa raha kumtazama. Alipokaza parafujo ya mwisho akaifuta mashine kwa kitambaa, akainua kichwa. Kwenye sinia kulikuwa na kitu kimoja. Kilikuwa kipande cha bati zito, cheupe, kikubwa kiasi cha kidole gumba, chenye tundu moja.

"Hicho?" nikauliza.

"Jino jipya la upande wa nje limekaa juu ya tundu la kukifungia. Fundi atatoboa tundu jingine wiki hii. Si cha kazi kubwa, shemeji."

Nilikijua kile kipande. Kitabu cha mashine kiliandikwa kwa lugha ya kigeni, na ni mimi niliyemsomea mume wangu ukurasa baada ya ukurasa hapo hapo mezani. Kipande hicho hukaa chini, pale mnyororo unapoingilia mashine. Mnyororo ukikatika, chenyewe huudaka kabla haujarudi kwa mkataji. Winchi alikiita mlinzi.

"Unajua kazi yake?"

"Najua. Lakini mnyororo huu haujawahi kukatika tangu enzi za kaka."

"Wiki hii," nikasema.

"Wiki hii."

Nikakiweka kwenye ukingo wa dirisha, juu ya sinki, nikione kila ninapoosha vyombo.

Wiki ile fundi alikuwa na kazi ya mageti. Iliyofuata, Nusumita ndiye aliyekuwa na kazi. Meno yalimfanya mtu mwingine. Alisimama wima kwenye gogo ambalo zamani lingemkunja, meno yakazama kwenye gome, akanyanyua mkono wa nyuma, na upanga ukashuka. Kiwandani utani ukapungua. Yule mteja aliyenipa pole alinisalimu kwa kunivulia kofia. Nami nikawa naosha vyombo, nakiona kile kipande, nakisogeza nifute ukingo, nakirudisha.

Mwezi wa pili tangu meno yafungwe alikuja mwalimu mkuu wa sasa, ambaye nilimfundisha kusoma. Mti mkubwa wa pale shuleni ulikuwa umeanza kuinamia madarasa.

"Tulifikiria kuwaita watu wa mjini wenye winchi ya gari," alisema kwa adabu. "Tangu marehemu atutoke, mti kama ule..."

"Nyumba yetu ipo," nikamkatiza. "Atakuja Jumamosi."

Nusumita nilimwambia baadaye.

"Mti ule ndio mliotundika kengele, shemeji?"

"Ndio. Kulabu ipo upande wa madarasa, gome limeimeza. Kata chini yake."

"Na misumari ya mbao za matangazo?"

"Ile ilitolewa," nikasema. Niliamini hivyo. Nilikuwa nimeagiza itolewe miaka kumi iliyopita, na sikwenda kuangalia.

Asubuhi ya Jumamosi alipokuwa akisuuza kikombe, nilimwona akitazama ukingo wa dirisha. Nami nilitazama. Alipotoka kufunga mashine kwenye baiskeli, nilikichukua kile kipande nikakitia kwenye mkoba wangu. Sijui nilidhani kitafanya kazi gani humo.

Walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea: kamati ya wazazi, walimu, wakataji wawili wa kiwandani waliokuja kutazama tu. Niliketishwa kwenye kiti mbele. Mti ulikuwa umeegemea bati la darasa la tatu, na upepo ukipita tulisikia tawi likikwaruza bati, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

Walifunga kamba kuuvuta upande wa uwanja. Nusumita akakata mdomo upande huo, yaani pengo la kuuongoza mti uangukie huko, safi, kipande kikatoka kama kipande cha mkate. Wakataji wa kiwandani wakatazamana. Akazunguka nyuma, meno yakang'ata, akaanza kukata kuelekea mdomo.

Nilisikia kabla sijaona. Sauti ilipanda ghafla, nyembamba, na chini ya mashine zikaruka cheche. Akazima. Tukasikia tena lile tawi juu ya bati.

Aliinama, akapitisha kidole kwenye mnyororo, kiungo kimoja kimoja, kama alivyokuwa akipitisha kidole kwenye mshono wa kiatu. Kidole kikasimama mahali pamoja. Kikarudi pale pale.

"Nini?" mwalimu mkuu akauliza.

"Msumari," akasema. Kisha akaniangalia.

Najua alichokuwa akiniuliza. Mnyororo ulikuwa umeumia, na mwingine ulikuwa nyumbani. Ilikuwa kazi ya saa moja kwenda na kurudi. Lakini mmoja wa wale wa kiwandani akasema kwa sauti ya kusikika, "Winchi angekuwa ameshamaliza." Watu wakacheka kidogo. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, juu ya kile kipande, na kilikuwa baridi. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, shemeji, turudi nyumbani. Ila hapakuwa jikoni, na mtu wa nyumba hii hakosolewi mbele za watu.

Nikamwinamishia kichwa. Endelea.

Akapiga tupa kwenye meno machache ya mnyororo, akawasha. Akaizamisha tena mashine, na kwa kuwa ukali ulikuwa umepungua, akaufidia kwa nguvu. Alinyanyua mkono wa nyuma mpaka visigino vikaacha ardhi. Yale meno makubwa hayakuteleza hata kidogo. Yangekuwa yale mafupi ya zamani yangeteleza, mashine ingerudi nyuma, naye angepumzika. Mara kukasikika mlio kama wa mjeledi, na Nusumita akakaa chini kama mtu aliyeambiwa aketi.

Mnyororo ulikuwa umekatika na kumpasua paja la kulia, juu ya goti. Nilimfunga kwa mtandio wangu. Alikuwa akinitazama usoni.

"Usiseme, shemeji," alinong'ona. "Usiseme mbele yao."

Sikusema. Wakampakia kwenye gari la mwenyekiti wa kamati. Mti ukabaki umesimama nusu umekatwa, watoto wakakatazwa kusogelea darasa la tatu, na siku ya pili watu wa mjini walikuja wakaumaliza.

Alilala hospitali wiki tano. Mguu upo, goti halikunjiki. Katika wiki hizo ndipo maneno ya ulevi yalipozaliwa, nami nikayaacha yatembee, kwa sababu ulevi ni aibu ya mtu mmoja, na hili jingine lilikuwa langu. Basi lisomwe hapa. Niliona kipande kimebaki kwenye sinia na nikaiacha mashine itoke. Niliona kidole chake kikisimama kwenye mnyororo na nikamwinamishia kichwa.

Mwezi uliopita alikuja jikoni kwa mkongojo wake. Alikuwa amempelekea fundi yale meno, yakapunguzwa urefu, na tundu la mlinzi likatobolewa pembeni. Alipanga kila kitu kwenye sinia, mguu ameunyoosha chini ya meza. Mwishoni kilibaki kipande kimoja.

"Funga wewe," akasema, akanipa spana.

Nikakifunga. Nikakaza mpaka mkono ukauma. Sinia likawa tupu.

"Daktari amekukubalia?" nikauliza.

"Nitakata magogo ya chini tu." Akaipakata mashine. "Shemeji, nikikosea tena mbele za watu, utasema?"

"Nitapiga kelele."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile, akaanza kujikongoja kuelekea mlangoni.

"Mashine ikinguruma sisikii kitu," alisema.