Mlenda Wenye Mifupa

Enzi zetu, ukisikia mtoto anasema jana kwao wamekula nyama, basi ni Krismasi au kuna ng'ombe wa mtu kavunjika mguu. Nasema nyama ile ya kutangazwa. Ile ya kimya kimya tulikula sana, na nyinyi mliokulia Kilimatinde na vijiji vya chini ya mlima mnanielewa, msijifanye mmesahau kwa sababu leo mnavaa tai.

Mimi tai sina. Shule niliishia kidato cha pili, na hicho chenyewe nilikigusa tu kama mtu anayeonja chumvi. Nilichonacho ni tumbo. Juzi juzi nilipanda mizani hospitali, daktari, kijana mdogo wa kunipa shikamoo, akaangalia karatasi yangu kwa huruma. Akasema mafuta yamezidi kwenye damu. "Mzee, nyama ya ng'ombe ya mafuta uipumzishe. Ukiitamani sana, nunua ya porini. Swala siku hizi anauzwa buchani, kwa kibali."

Nilicheka mpaka nje, watu wakadhani nimepona.

Nikaenda kwenye bucha hiyo pale Manyoni. Kioo safi, muuzaji kavaa koti jeupe, karatasi ya kibali imebandikwa ukutani. Mimi niliagiza kilo moja kwa kunong'ona, na kabla ya kuipokea niligeuka nyuma kuangalia nani ananiona. Muuzaji akaniambia, "Hii haina mafuta, mzee. Usiipike kama ng'ombe." Nikamjibu nyama nimeanza kula kabla baba yake hajaoa. Nikafika nyumbani nikaitupa kwenye kikaango, moto mkali, nikasubiri itoe mafuta yake yenyewe. Ilitoa moshi. Tulikula makatambuga siku hiyo, tairi tupu, na binti yangu Neema akaipiga picha kwanza, maana watoto wa sasa chakula hakishuki tumboni mpaka kipitie kwenye simu.

Usingizi haukuja vizuri baada ya hapo, na siyo kwa sababu ya meno kuuma.

Baba yangu alilima uwele, mtama na mahindi kidogo, na alikuwa na mbwa wawili. Hawakuwa wa kulinda nyumba, kwa sababu nyumba haikuwa na cha kuibiwa. Kuna siku aliondoka alfajiri akisema anakwenda kuangalia mizinga ya nyuki, akarudi na gunia, na kwenye gunia hamna asali. Ni digidigi. Mama alifunga mlango wa jiko kwa komeo, akatupa magunzi motoni ili moshi ufunike harufu. Sisi tulikaa humo ndani machozi yanatutoka, mate yanatutoka. Nyama aliilaza kwenye maziwa ya mgando, akaichemsha taratibu kwenye chungu, mwisho akamwagia karanga za kutwanga. Wenzangu, mimi nimekula hotelini, lakini sijawahi kulamba kidole mpaka kikawa cheupe kama siku zile.

Baada ya kula mama alitupanga mstari.

"Mmekula nini?"

"Mlenda."

"Kama mtasema kingine, bwana nyama wa serikali, anayekamata wawindaji, atamchukua baba yenu, mtakuwa mnamwona dirishani gerezani."

Ndugu zangu waliweza. Mimi nikiwa darasa la nne, mwalimu akatupa insha ya chakula tunachokipenda. Nikawaza, hapa nikitaja nyama, baba kaenda. Nikawa mjanja. Niliandika: "Chakula nikipendacho ni mlenda. Baba huuleta kwenye gunia. Mlenda wetu una mifupa, na mbwa wetu wanaupenda sana."

Mwalimu aliisoma darasani kwa sauti. Darasa lilianguka kwa kicheko. Alipofika kwenye mbwa, akalifunga daftari. Jioni nikamwona anakuja kwetu na lile daftari kwapani. Nilijibanza nyuma ya kihenge cha mtama. Walizungumza chini chini, nikaona baba ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Sikupigwa. Hicho ndicho kilichonitisha. Wiki haikuisha, mbwa wote wawili wakapelekwa kwa baba mdogo Itigi, na tangu siku hiyo mlenda wa kwetu ukawa mlenda kweli. Hakuna aliyenilaumu, lakini kila mdogo wangu alipokuwa anatafuta kitu ndani ya mboga kwa kidole asikione, nilijua nani kakitoa. Baba alifariki hatujawahi kulitaja jambo hilo.

Basi nikanunua kilo ya pili, nikamchukua Neema, tukapanda mlima kwenda kwa mama.

Alikuwa anapepeta. Tulimwamkia, nikampa mfuko. Akachungulia, akanusa, akanivuta jikoni kwa mkono kama mtoto, akapiga komeo. Neema tukamwacha nje anatafuta mtandao.

"Umeitoa wapi hii?"

"Buchani, mama. Risiti hii hapa."

Akaigeuza risiti, hajui kusoma, akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga. "Kaa hapo. Wewe ulikaanga, eh? Nakujua. Nyama isiyo na mafuta haitaki ubabe."

Alinituma mgando na karanga. Tulisubiri nyama ilale kwenye maziwa, kisha akapunguza kuni mpaka ikabaki mbili. Nikiwa natwanga, nikajikuta nimesema. Nikamwambia mimi ndiye niliyewanyima nyama, na najua baba aliondoka na hasira zake.

Mama aliendelea kukoroga.

"Hasira gani? Mwalimu alikuja kuonya tu. Alisema huyu mtoto mfundisheni kuficha vizuri, au muache kuwinda. Mimi nilitaka nikufundishe kwa fimbo. Baba yako akakataa. Akasema, huyu uongo haumkai mdomoni, tusimharibu kwa ajili ya digidigi. Ndipo akapeleka mbwa."

Nikaweka mchi, nikafuta macho. Nikasema ni moshi, na magunzi hata hatujaweka.

Neema akagonga. "Bibi, mnapika nini? Kunanukia mpaka barabarani."

Mama alinitazama. Risiti anayo kwenye pindo, kibali kipo Manyoni, lakini mdomo wake ukajibu wenyewe.

"Mlenda, mjukuu wangu."

Alipofungua, Neema akachungulia kwenye chungu. "Bibi, mbona huu mlenda una mifupa?"

Mama aliweka mwiko chini, naye akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mimi nilikuwa hoi pembeni. Neema alituangalia kama wagonjwa, akatoa simu.

Leo swala ana risiti, anafungwa kwenye mfuko msafi, na ni dawa ya tumbo langu. Ni vizuri, sikatai, maana lile la baba lilikuwa kosa. Vichaka tulivyomaliza kwa mbwa na shoka, wanangu wanavisikia tu kwa mdomo. Ila siku zile, nyuma ya komeo, tulikula wote kwenye sinia moja huku tumeshikilia siri moja. Baba akaacha mawindo aliyoyapenda kuliko vyote, mimi nikabaki nasema kweli bila kujua imelipiwa.

Picha ya chungu Neema kairusha kwa rafiki zake. Chini ameandika: mlenda wa bibi.