Malanbi achagua rangi za mfarishi wa mjukuu

Jua halijapanda juu ya misaji, na Malanbi Mujawar ameshatandaza vitambaa barazani. Anaweka chekundu kando ya cha njano, anashuka uani, anageuka kuvitazama kwa mbali. Anatikisa kichwa. Anarudi kukiondoa cha njano.

Hakuna wa kumwuliza.

"Zamani tulikaa wanawake wanne hapa, tunagombania rangi," anasema mama huyu wa Kisidi, jamii ya Wahindi wenye asili ya Afrika, mkazi wa kijiji cha msituni karibu na Yellapur, kusini mwa India. "Ukiweka kijani juu ya kijani, jirani yangu Lusiya anakurukia: 'We dada, unashona au unapanda mpunga?'"

Lusiya amehamia mjini Hubballi kwa mwanawe. Mwingine amefariki, mwingine macho yamegoma. Hata nguo kuukuu, ambazo kijiji kizima kilikuwa kikimletea, zimeondoka na wenyewe waliokwenda kutafuta kazi mijini.

Malanbi anaishi kwa kushona kawandi, mfarishi wa viraka unaoanzwa pembeni na kushonwa kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, hadi katikati. Huliuzia duka moja la Bengaluru, na malipo yanamtosha mchele, dengu na dawa za presha. Vitambaa na rangi, duka ndilo huchagua.

"Mara ya mwisho walitaka nyeupe kwa nyeupe. Nikamwambia yule kijana wao, mwanangu, hii si sanda? Akacheka. Nikashona, nifanyeje."

Huu wa leo hauuzwi. Ni wa mjukuu aliyezaliwa Goa, ambaye bado hajamwona. Mama wa mtoto, binti yake Gulshan, ni mpishi hotelini huko. Aliondoka nyumbani akaolewa na mtu ambaye Husensab, mume wa Malanbi, hakumtaka. Mzee hakulitaja tena jina la bintiye hadi alipofariki, msimu wa mvua uliopita. Gulshan hakuja mazikoni.

Nguo za binti zimebaki sandukuni.

"Kila mwaka nazianika, nazirudisha," anasema Malanbi. "Nikizikata, ndiyo basi. Nitakuwa nimekubali kwamba harudi."

Lakini vilivyoko barazani havimridhishi. "Hizi ni nguo za watu tu. Mjukuu wangu alale juu ya nguo za watu?"

Simu inaita. Anaipokelea langoni, ambako mtandao unashika, na kuiweka sauti ya juu.

"Mama, umeanza kushona?" ni Gulshan.

"Nimeanza kukaa."

"Zile nguo zangu bado zipo?"

"Zipo. Hata ile ya Idi uliyoiunguza kwa pasi."

Gulshan anacheka kidogo. "Zikate, mama. Hazinipiti hata mkono." Anaongeza: "Na shati la baba uliweke."

"Baba yako alikufa hajakutaja, mwanangu."

"Najua. Uliweke hivyo hivyo."

Sauti inakatika. Malanbi anaingia ndani kufungua sanduku. Anatoka na skafu ya kijani ya shule, gauni la njano lenye alama ya pasi, na shati la bluu la Husensab lililopauka mabegani. Analaza bluu katikati ya njano, anashuka uani. Safari hii hatikisi kichwa.

"Lusiya angesema bluu imezidi," anasema. "Lakini mzee naye alizidi."

Anaanza na mkono wa gauni. Mkasi unasita, kisha unapita.

Akimaliza, amepanga kupanda basi hadi Goa, safari ambayo hajawahi kuifanya. Hatamwomba bintiye arudi.

"Arudi kufanya nini huku? Nitamlaza mtoto juu ya kawandi lake, nikae nao siku mbili tatu. Nikiondoka nitawaambia, nguo zikianza kumbana msizitupe, niwekeeni. Ili niwe na cha kushona, na sababu ya kwenda tena."