Mkutano wa Wazazi kwenye Banda la Chai

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliingia shule ya msingi karibu na Kimulot nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Matope yalinivua kimoja langoni, na watoto wakapata cha kusimulia muhula mzima. Nilipewa Darasa la Sita.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa utaratibu. Mikutano ya wazazi aliiweka Jumanne alasiri, na wazazi hawakuja.

"Hawa wanajali majani tu," alisema akitazama viti vitupu.

Nilikasirika, ila si kwa wazazi. Jumanne ilikuwa siku ya kuuza chai, na chai ikishachumwa hailali nyumbani. Ikinyauka, karani wa mizani anaikataa.

"Tuwafuate bandani," nikamwambia.

"Madam, shule iende sokoni?"

"Iende, bwana. Hatutapungua kilo."

Basi tukaanza kwenda kwenye banda la kununulia chai. Huko wakulima humwaga majani mezani, wakaondoa yaliyokomaa na kubakiza majani mawili na chipukizi, huku wakingoja lori la kiwanda. Mikono ina kazi, lakini masikio yana nafasi. Hapo ndipo nilipokutana na baba yake Chebet.

Chebet alikuwa mwanafunzi wangu. Akili alikuwa nayo, ila kusoma kwa sauti kulimtoa jasho, na baba yake alikuwa ameshaamua.

"Mwalimu, kama kusoma imemshinda, hii muhula ikiisha atoke tu achume chai. Mimi mwenyewe sikusoma. Nitamsaidia aje?"

"Mzee, jioni huwa unafanya nini?"

"Nakamua ng'ombe."

"Basi asome hapo, wewe usikie. Akikwama, mwambie arudie. Muhula ukiisha tutaona."

Akacheka. "Hata ng'ombe itajua kusoma!"

Muhula ulipokwisha tulikutana tena bandani, na nikamwita Chebet asome mbele ya wazazi. Niliogopa kuliko yeye. Alisoma sentensi mbili vizuri, kisha akayaona macho ya watu, akakwama. Baba yake hakuinua hata kichwa kutoka kwenye majani.

"Rudia," akasema taratibu, kama mtu aliyezoea.

Chebet akarudia, akapita pale, akasoma ukurasa mzima. Mwalimu Mkuu ndiye aliyeanza kupiga makofi. Lori lilipofika, mzee alinijia na kikapu chake mgongoni.

"Mwalimu, hiyo chai nitachuma mwenyewe."

Baadaye nilihamishwa hadi Kiptere, na huko ndiko nilikostaafia. Nimekaa kwenye semina nyingi za ushirikiano wa wazazi na walimu, na nyingine zilikuwa na maandazi mazuri. Siku hizi macho yangu hayaoni herufi ndogo. Mjukuu wangu hunisomea nikimenya viazi. Akikwama, siwezi kumsaidia. Namwambia neno la baba yake Chebet, naye hupita.