Nesi Aliniuliza Nakaa na Nani, Nikasema Peke Yangu

Nilikosa. Nianze na hilo kabla sijaanza kujipamba, maana mimi nikipewa kalamu najua kujipamba sana.

Nilimkosea mtu aliyenipenda, na sikumkosea kwa hasira wala kwa wivu. Nilimkosea kwa neno moja dogo, kisha kwa kicheko. Jina langu niachieni. Jueni tu mimi ni msichana wa miaka ishirini na nne, shule niliachia kidato cha pili, na nyumbani ni Laare, ingawa nimepanga chumba karibu na Nkubu. Nilikuwa kibarua wa usafi katika chuo kikuu kimoja upande huu wa Meru.

Na nilikuwa mtu wa furaha! Mnicheke mkitaka, lakini nilipokuwa napiga deki zile korido ndefu, mimi sikuona maji machafu. Niliona keki. Keki za harusi za gorofa tatu, nyeupe, na duka langu Nkubu lenye kioo mbele. Wenzangu waliniita Keki. "Keki, leta ndoo!" Nami naleta nikiimba.

Sasa sikilizeni kazi yetu ilivyokuwa. Mtu wa usafi hakuruhusiwa kukaa chini saa za kazi. Supavaiza akikukuta umekaa, hata kama miguu imevimba, unaandikwa kwenye kitabu cha makosa. Kwa hiyo sisi watatu wa jengo la utawala tulikuwa na siri. Chini ya ngazi kulikuwa na stoo ya mopu na sabuni, haina dirisha, pana kama kitanda. Ikifika saa nne tunaingia, tunapindua ndoo, tunazikalia, tunafunga mlango, tunakunywa chai. Magoti yanagusana. Mmoja akipiga chafya, wote tunafuta uso.

Watatu wenyewe ni mimi, Karimi, na Mama Zuhura.

Karimi ni mtu wa mdomo. Mama Zuhura alikuwa mjane wa mtaa wa Majengo, Mwislamu, ameajiriwa hapo miaka mingi, mkubwa wetu. Ndiye aliyekuja na mahamri kwenye kitambaa. La kwanza alinipa mimi. "Kula mwanangu, keki zako bado ziko mbinguni."

Nilianza kukohoa wakati wa baridi. Nilisema ni ukungu. Nilikohoa wiki tatu, nne, tano, nikaanza kulowa jasho kitandani na sketi ikaanza kuteremka kiunoni. Mama Zuhura akaniletea tangawizi. Akaniletea limau. Siku moja akasema, "We mtoto, nenda kwa nesi. Ukikataa nitakubeba mgongoni mbele ya wanafunzi."

Nikaenda. Nikatema makohozi kwenye kikopo. Majibu yakarudi: TB. Kifua kikuu.

Nesi wa chuo alikuwa mama mmoja mpole, mtu wa Embu, anaongea polepole kama anayemlaza mtoto. Aliniambia inapona. Nimeze dawa miezi sita bila kuruka, wiki mbili za kwanza nisije kazini, baada ya hapo siambukizi mtu. Akasema, "Jina lako halitatoka hapa. Nataka tu watu ulioshiriki nao hewa, niwapime mapema. Ni bure." Akachukua fomu.

"Unakaa na nani?"

Sasa nyinyi wa kwetu mnajua hilo neno. Kukaa ni kukalia kiti, na kukaa ni kuishi. Nami nikalichungulia lile neno kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma, nikaupata.

"Nakaa peke yangu, Sista."

Si uongo! Chumba changu nilikuwa peke yangu. Nesi akaandika. Kisha akainua macho. "Hata kazini? Hakuna mahali mnakaa na mtu, mmefunga mlango, muda mrefu hivi?"

"Hakuna."

Huo sasa ulikuwa uongo mzima, una miguu na kichwa.

Nilijiambia nailinda stoo. Kwamba stoo ikijulikana tutaandikwa wote watatu. Nilijiambia hivyo nikaridhika kabisa, nikajiona hata nina huruma! Lakini ukweli ni huu: Karimi na Mama Zuhura wakiitwa kupimwa, wangejiuliza nani katika sisi watatu hayupo. Na mimi niliogopa kuitwa mgonjwa. Nani atanunua keki kwa msichana mwenye TB?

Nikamwambia supavaiza nyanya yangu ni mgonjwa Laare. Nikakaa kwangu wiki mbili, nikameza vidonge, nikaanza kupata nafuu.

Niliporudi, kulikuwa na karatasi ukutani. Mfanyakazi mmoja amepatikana na TB, yeyote anayekohoa zaidi ya wiki mbili aende kwa nesi, usiri utalindwa.

Siri gani! Watu wa usafi, watu wa jikoni, askari wa geti, kila mtu alikuwa anamsaka huyo mfanyakazi mmoja kama kuku aliyepotea.

Na Mama Zuhura alikuwa anakohoa.

Alikuwa ameanza kama mwezi mmoja baada yangu. Najua, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele yake, goti kwa goti.

Siku chache baada ya kurudi kwangu tulikuwa tumepanga foleni ya kuchukua sabuni, watu kumi hivi. Karimi akasema kwa sauti, "Mimi nataka tu kujua huyo mtu ni nani, nisipumue upande wake." Nikahisi macho yanazunguka, yanazunguka, kama yanakuja kwangu. Nilikuwa nimekonda, nilikuwa nimepotea wiki mbili. Yangetua hapo hapo!

Nikafungua mdomo. Nikacheka kile kicheko changu kinachopendwa na watu. Nikasema, "Kwani Mama Zuhura, hii kikohozi yako ni ya tangu lini?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakamtazama.

Yeye alinitazama mimi. Aliweka sabuni yake kwenye ndoo, akaenda.

Ilichukua siku moja tu. Karimi alipaka kikombe cha Mama Zuhura rangi nyekundu ya kucha ili kisichanganywe. Mahamri yalirudi nyumbani yote, hakuna aliyegusa, na mimi pia sikugusa. Jikoni walimwekea chakula dirishani, kwenye sahani yake, kijiko chake. Askari mmoja alikuwa akimwona anaziba pua, anamwita "Kifua". "Kifua amefika! Kifua, leo ni mzima?" Mzee mzima na ndevu zake!

Supavaiza akamtoa ndani. Akamwambia, "Mama, wewe utafagia nje, hewa ni nyingi huko." Nje ilikuwa manyunyu ya Julai, asubuhi mpaka saa nane, na fagio la njiti. Alikuwa anafagia majani yaliyolowa, anasimama, anashika mti, anakohoa, anaendelea. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya kioo, napangusa dirisha. Nilipangusa dirisha moja hadi likaisha!

Stoo tulibaki wawili. Siku moja nikamwambia Karimi, "Lakini tungemwambia aende kwa nesi tu." Karimi akanijibu, "Mwambie wewe, si mlikuwa mama na mtoto?"

Nikamfuata hadi kwenye pipa la taka. "Mama Zuhura, si uende upimwe? Ni bure, na jina halitoki."

Akasema, "Nikienda leo, kesho watasema, si tulisema? Nitakuwa nimewapa haki." Akanitazama tena kama siku ile ya sabuni, akangoja, kama mtu aliyenyoosha mkono apewe kitu. "Una kingine cha kuniambia?"

Nikasema, "Hapana. Ni hilo tu."

"Haya mwanangu."

Miezi miwili baadaye alianguka getini akitema damu. Yule askari hakumshika. Alikimbia kuita mtu mwenye glavu. Mama wa watu alilala kwenye zege, watu wamesimama mbali wakiangalia, na mimi nikiwa mmoja wao.

Pafu moja lilikuwa limeliwa kabisa, la pili linafuata. Dawa akaanzishwa, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Baada ya wiki kadhaa hospitalini wakamrudisha kwake Majengo.

Nilienda. Niliwaza njia nzima nitakavyosema. Binti yake, Zuhura mwenyewe, msichana wa rika langu, alinikaribisha vizuri, akaniachia kiti karibu na kitanda, akatoka kwenda dukani. Mama Zuhura alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Mama Zuhura, ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Sijawa kipofu."

"Hapana. Ni mimi niliyeuleta ugonjwa. Ni mimi niliyekuwa kwenye ile karatasi."

Alikohoa kwanza, akamaliza, akapangusa mdomo. "Najua."

Nilidhani sikusikia.

"Marehemu mume wangu alimeza hizo dawa," akasema. "Mkojo unageuka rangi ya soda ya machungwa. Na choo cha wafanyakazi, asubuhi, nani alikuwa anakiosha baada yako, kabla sijatolewa nje? Ulikuwa hata hujui kumwaga maji vizuri, mchafu wewe." Na akacheka kidogo! Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Nikaanza kulia. Nikamuuliza mbona hakusema. Siku ile kwenye sabuni, au baadaye, mbona hakunitaja, akajitoa lawamani?

Akasema, "Nilikuwa nangoja useme wewe. Kila asubuhi nasema, huyu mtoto ana roho nzuri, leo atasema. Twende kwa nesi sote wawili, tushikane mikono, hao wacheke mpaka wachoke. Nilikungoja hata pale kwenye pipa." Akavuta pumzi, ikachukua muda mrefu kufika. "Peke yangu niliogopa. Hukusema."

Nikashika mkono wake. Akautoa, polepole, si kwa hasira. Akageukia ukutani.

Alifariki Alhamisi, akazikwa Ijumaa. Wenzetu Waislamu huwa hawakawii kuzika, na mimi nilipata habari wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Nilifika wanakunja mikeka. Kutoka chuoni nilikuwa peke yangu. Hakuna mwingine aliyekuja, walisema wanaogopa hewa ya ile nyumba.

Zuhura alinikumbatia. Mbele ya wanawake wote wa mtaa akasema, "Huyu ndiye. Ndiye rafiki peke yake aliyekuja kumwona mama." Wakaniombea dua. Wakanitilia chai na mkate. Nikanywa! Nikainywa yote.

Mama yake hakumwambia.

Wiki iliyofuata supavaiza akaniita ofisini. "Keki, nafasi ya yule mama imebaki wazi. Wewe ni mchangamfu, watu wanakupenda. Unaitaka?" Kazi ya kudumu, ile niliyoiombea kanisani. Nataka niwaambie nilikataa. Nilitia sahihi. Nikapewa aproni yake mpya ambayo hakuwahi kuivaa.

Nilidumu nayo siku tisa. Siku ya kumi nikaenda kwa yule nesi nikamwambia yote, stoo, ndoo, mlango, neno lenyewe la kukaa. Hakunigombeza. Aliinamisha kichwa kwenye meza, halafu akasema, "Nilikuuliza mara mbili." Ni hayo tu. Ningependa angenipiga.

Karimi alipimwa, naye akapatikana nayo, mapema, kabla hata hajaanza kukonda. Atapona. Safari hii nilimwambia mwenyewe ni mimi, mbele ya watu, kwenye foleni ileile ya sabuni. Alinitemea mate miguuni. Alisema, "Ulinifanya nimuue mtu." Na hilo ni kweli, ingawa mkono uliopaka kikombe ni wake.

Kazi niliacha. Kilichobaki hapo singekivumilia, na sisemi hivyo ili mnihurumie. Walinifanyia yale yale waliyomfanyia, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimepona na nilistahili. Siku hizi nauza mandazi barabarani. Keki siziwazi tena. Nikiona harusi inapita naangalia kando.

Ndugu yangu unayesoma hii, wewe wa jikoni, wewe wa geti, wewe mwalimu pia, maana hewa haiulizi cheo. Nesi akikuuliza unakaa na nani, usichague maana ya neno! Taja watu. Taja yule mnayekula naye, yule mnayejificha naye, taja na mahali penyewe hata kama mtafukuzwa kazi. Kazi hupotea, mtu akatafuta nyingine. Na ukimwona mwenzako amewekewa kikombe chake pembeni, kinywee. Kama huwezi kukinywea, basi angalau usicheke.

Msiseme "nitasema kesho". Mtu anaweza kuwa anakungoja useme, na anakungoja kwa kifua kinachooza.

Mimi nimewaambia nyinyi wote nisiowajua. Zuhura bado hunipigia simu Ijumaa. Ananiita dada, anauliza kama nimekula. Bado sijamwambia.