Ushuru wa Gari Lisilo na Injini

Gari langu la kwanza nililinunua nikiwa na miaka arobaini na saba. Kabla ya hapo nilikuwa napanda bodaboda kila siku kutoka Magamba, tunakoishi, hadi Mpanda mjini, na magoti yangu yalikuwa yameshajua kila shimo la barabara ile. Lilikuwa gari dogo jeupe lenye buti kubwa, na watu wawili walikuwa wameshalitumia kabla yangu. Mume wangu, ambaye ni mkulima na si mwepesi wa kusifia, alilizunguka mara mbili, akapiga tairi la mbele kwa mguu, akasema, "Litafaa." Nilicheka njiani siku nzima.

Nina duka la vitambaa karibu na soko. Baba yangu Mmanyema ndiye aliyelifungua, akaniachia mimi kwa sababu kaka zangu hawakuwa na subira ya kukaa na mwanamke saa nzima akichagua kitenge mwishowe anasema atarudi kesho. Mimi subira hiyo ninayo. Naipenda hata hiyo saa nzima yenyewe.

Kila asubuhi nilikuwa naegesha mbele ya duka, na kila asubuhi alikuwa anapita mama wa ushuru wa maegesho. Alikuwa mwanamke wa rika langu, Mfipa, mrefu, amevaa kizibao cha kung'aa juu ya gauni la kitenge. Mkononi alikuwa na kimashine. Akisoma namba ya gari nyuma, anaiandika kwenye kimashine, na baada ya muda simu yangu inalia, ujumbe umeingia na namba ya kulipia. Nilikuwa nalipa siku ile ile. Kwa siku moja ilikuwa hela ya soda, na nilijisikia raha fulani kulipa. Niliona kama ndiyo dalili kwamba sasa na mimi ni mtu mwenye gari.

Tulikuwa tunasalimiana tu, yeye na mimi. "Habari za Magamba?" "Njema, za mjini?" Basi, anapita.

Mwezi wa pili wa mvua gari likaanza kutoa moshi mweusi. Fundi wangu wa Kawajense alilisikiliza kama daktari, akatikisa kichwa, akashusha injini. Kifaa kilichotakiwa kilikuwa hakipatikani Mpanda, kikaagizwa Mbeya, na huko Mbeya nako kikasubiriwa. Nikarudi kwenye bodaboda kwa wiki tano. Gari langu lilikaa gereji limefunguliwa boneti, kuku wa fundi wanalala chini yake.

Siku niliyolichukua nilikuwa na furaha ya Idi. Niliegesha mbele ya duka, mama wa ushuru akapita, simu ikalia. Nilipotaka kulipa ya siku ile nikaona deni la karibu bei ya doti mbili za kitenge kizuri. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikavaa miwani. Lilikuwa ni hilo hilo, ushuru pamoja na faini za kuchelewa. Nilipopekua simu nikakuta kweli, jumbe zilikuwa zimeingia zote katika wiki zile tano, zimejificha katikati ya matangazo ya bahati nasibu na mikopo ambayo siku hizi sisomi.

Nilitoka dukani bila kuvaa viatu vizuri.

"Wewe mama! Simama hapo! Umeniandikia ushuru wa gari ambalo halikuwepo!"

Aligeuka pole pole. "Mimi naandika ninachokiona."

"Umekiona wapi? Gari halikuwa na injini!"

"Mama, nyie wa maduka mnapenda kelele. Nenda ofisini wakutolee orodha."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Muuza viazi wa jirani aliacha kumenya. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa, kwamba watu wengine wanajaza vitabu vya serikali kwa majina ya wenzao ili waonekane wanafanya kazi. Uso wake ulibadilika. Alifunga kimashine chake ndani ya mfuko na kuendelea na mstari wa magari. Nilirudi dukani nikiwa nimeshinda, na sikusikia utamu wowote wa kushinda.

Kesho yake nilikwenda ofisini na fundi wangu. Nilimwomba aje kama shahidi, akaja na nguo zake za kazi, mikono myeusi kwa oili. Karani alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Fundi hakungoja kukaribishwa.

"Gari ilikuwa kwangu," alisema. "Injini iko chini, nimeifunika turubai. Sasa ingeenda mjini kwa miguu?"

Karani alicheka mpaka akakohoa. Akatutolea orodha. Tozo zote zilikuwa za Jumatano na Jumamosi, na hakuna hata moja iliyoandikwa mbele ya duka langu. Zote ziliandikwa upande wa maghala ya mchele, mahali ambapo mimi sina shughuli. Niliuliza kwa nini zamani sikuona kitu. Akaeleza kwamba namba moja hutozwa mara moja tu kwa siku. Kama kosa lilikuwepo tangu mwanzo, siku ambazo mimi mwenyewe nilikuwa mjini lisingeonekana.

"Basi kuna mtu anatumia namba yangu," nikasema.

"Au kuna mtu anaisoma vibaya," karani akajibu, akipenga kamasi.

Nilimkuta mama wa ushuru jioni hiyo akiwa amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, amevua kiatu kimoja, anakanda unyayo. Nilikuwa nimepanga maneno makali mengine, lakini ule unyayo ulinikatisha. Ulikuwa umepasuka kisigino kama udongo wa kiangazi. Nikakaa. Nikamwonyesha orodha.

Aliisoma kwa kidole. "Jumatano na Jumamosi nikimaliza mtaa wako napangwa kwenye maghala," alisema. "Kwa hiyo ni mimi niliyeandika, sikatai. Lakini gari nililiona, mama. Jeupe kama lako. Nilikuwa nasema moyoni, kumbe huyu anauza na mchele."

"Na leo Ijumaa."

"Ndiyo. Kesho njoo ujionee kwa macho yako."

Jumamosi nilimwachia jirani duka, nikaenda. Tulikaa juu ya magunia matupu chini ya paa la ghala, mvua inapiga bati. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai na maandazi, na kwa kuwa hakuna magari mengi wakati wa mvua, tulizungumza. Nikajua kwamba alikuja Mpanda kumfuata mume, mume akaondoka, yeye akabaki kwa sababu watoto walikuwa wameshazoea shule. Nikajua pia kwamba akikosea kuandika gari anakatwa kwenye posho yake. Hilo lilinifanya nitazame pembeni. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya ile siku. Akasema, "Nilishayasahau," halafu akaongeza, "karibu yote," tukacheka.

Kama saa tano hivi likaingia gari. Nilisimama. Lilikuwa jeupe, dogo, buti kubwa, kama langu kabisa, ila limepakiwa magunia hadi nyuma imelala chini na matope yamepanda mpaka kwenye vioo. Tulikwenda nyuma yake sote wawili. Kile kibao cha njano kilikuwa kimeegemea chini, kimelambwa na tope. Namba ilikuwa namba yangu, tarakimu kwa tarakimu, herufi kwa herufi, mpaka ile ya mwisho, F.

Niliinama kukisoma tena. Kisha mama wa ushuru akachuchumaa, akatema mate kwenye kidole gumba, akasugua chini ya herufi ile. Tope likatoka. Mstari mweusi ukatokea chini. Haikuwa F. Ilikuwa E.

Aliweka kiganja mdomoni. "Mama. Nimekuonea."

Sikuweza kumkasirikia. Na mimi nilikuwa nimeisoma F.

Mwenye gari akatoka ghalani akijifuta jasho, mzee wa Kisukuma mwembamba mwenye kofia ya pama, fimbo mkononi hata mjini. Tulimwamkia, akaitikia, tukamweleza. Alitusikiliza hadi mwisho, akachuchumaa naye, akaitazama herufi yake muda mrefu.

"Mimi natoka Majimoto," alisema. "Naleta mchele hapa tangu mwaka jana. Kila mara nauliza, ushuru wangu uko wapi? Wananiambia utaletwa kwenye simu. Hauji. Nikasema, basi, mji huu umenionea huruma." Akanigeukia. "Kumbe ni wewe, mayu, uliyekuwa unanilipia." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na alilisema kwa heshima kiasi kwamba nilijikuta nasema si kitu, wakati nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili ya hicho kitu.

Alichukua kidumu cha maji ya kunywa, akakiosha kibao chote mwenyewe. Halafu akasema twende ofisini wote watatu, sasa hivi, mchele utasubiri.

Kwa bahati ofisi ilikuwa wazi hadi mchana. Karani alikuwa bado na mafua. Alikubali kosa, akaandika maelezo, lakini akasema kufuta deni kunahitaji saini ya mkubwa wake, na mkubwa yuko safarini. Wakati huo faini ingeendelea kupanda. Mzee aliingiza mkono kwenye koti, akatoa noti zilizofungwa kwa mpira, akaniwekea kiganjani kiasi kamili cha deni.

"Lipa leo," alisema. "Aliyeegesha ni mimi."

Nikalipa pale pale. Tukaagana. Mama wa ushuru hakukatwa kitu, kwa kuwa sote watatu tulisema kwa pamoja kwamba ni tope.

Nilidhani yameishia hapo. Mwezi uliofuata ujumbe ukaingia kwamba deni limefutwa, na hela iliyolipwa imebaki kama akiba kwenye namba yangu. Kwa hiyo nilikuwa naegesha bure kwa hela ya mzee wa Majimoto. Nilikaa siku mbili nikiona aibu kila ninapofunga mlango wa gari. Siku ya tatu nikamwambia mume wangu nakwenda Majimoto. Akauliza kwa nini nisimtumie hela kwenye simu. Nilikuwa na namba ya simu ya mzee, kweli. Nikasema tu kwamba sijawahi kufika huko, na ilikuwa kweli pia. Maisha yangu yote nimekaa Katavi, na Mpimbwe, iliko Majimoto, nilikuwa nakusikia tu.

Mama wa ushuru alikuwa na siku ya mapumziko, tukaenda wote. Nilitia vitenge kadhaa kwenye buti, tabia ya mwenye duka. Majimoto tulikuta pikipiki nyingi kuliko nilivyodhania, majaruba ya mpunga ya kijani mpaka macho yanauma, na ng'ombe wanavuka barabara bila haraka. Mzee alikuwa kwenye baraza lake. Nilipotoa hela alirudi nyuma kama nimemtolea nyoka.

"Hapana, mayu. Hiyo imekwenda."

"Imerudi, baba. Mimi sikuegesha huko."

Tulibishana hivyo mpaka mke wake mkubwa, ambaye alikuwa amekaa akichambua mchele, akanyoosha mkono. "Nipe mimi," alisema. Nikampa. Hakuzihesabu. Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye gari langu, akafungua buti, akaanza kukunjua vitenge. Alikuwa ameviona tangu tunashuka. Wakaja wake wenzake, wakaja majirani, na kwa saa nzima nilikuwa kwenye kazi ninayoipenda, uwanjani, katikati ya kuku. Alichagua doti mbili, akanirudishia zile zile noti. Nikamwongezea ya tatu, na hiyo alikubali bila ubishi.

Mzee alitazama yote, akatikisa kichwa. "Hela hii imechoka kutembea," alisema.

Tulikula wali mpya na kuku, tukafungashiwa mchele, na yule mke mkubwa akatupatia kibuyu cha maziwa mgando. Tangu siku hiyo nakwenda Majimoto mara moja kwa mwezi, siku ya gulio, na wateja wangu wa huko hawasemi watarudi kesho.

Safari ile ya kwanza ya kurudi tulipita ndani ya hifadhi ya wanyama ya Katavi na vioo tumevipandisha juu kwa sababu ya mbung'o. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa na mchele. Mama wa ushuru alikuwa amekipakata kibuyu kwa mikono miwili kisimwagike, amevua viatu vyote viwili. Nilimsemesha kuhusu twiga watatu waliosimama kando ya barabara. Alikuwa ameshalala, kibuyu kimesimama wima mapajani pake, nami nikapunguza mwendo.