Kopo Lenye Matundu Matano

Kwenye ukuta wa majlisi, chumba cha wageni cha baba yangu mjini Ibra, palitundikwa vitu vitatu: jambia la babu, bunduki kongwe isiyolia tena, na kopo la maziwa ya unga lenye matundu matano. Wageni waliuliza zaidi habari za kopo kuliko za jambia. Baba alikuwa akimwonyesha kaka yangu kwa kidevu, na kaka yangu alikuwa akitazama zulia. Matundu yale niliyatoboa mimi.

Tulihamia Oman, nchi ya mababu zetu, kutoka Tabora nikiwa sijaanza shule. Watu wa ukoo wetu walituita Wazanzibari, na sisi Unguja tulipita tu njiani. Baba alipata kazi ya ofisini, akajenga nyumba, akavaa kanzu na kilemba kama wenzake, lakini akifungua mdomo kusema Kiarabu, binamu zake walitazamana. Mtu mzima, mwenye mshahara wake, alikuwa akirudi kutoka barazani kwao kanyong'onyea kama aliyenyimwa chakula. Basi akaamua kwamba kama ulimi wake hauwezi kumfanya Mwomani, bunduki itaweza. Akanunua saktuni, ile bunduki ndogo wanayofundishiwa watoto huko, akaikatia kibali, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana akatupakia kwenye pikapu mpaka wadini, kwenye bonde la mto mkavu, njia ya Mudhaibi.

Miaka ile ya tisini mwanzoni, mimi nilikuwa na miaka kumi, kaka yangu kumi na miwili. Mama alitandika mkeka kivulini, na chupa ya kahawa na bakuli la vitumbua. Baba alipanga makopo juu ya jiwe, chini ya jabali, ili risasi isiende mbali. Masharti yake yalikuwa matatu. Mtutu haumwelekei mtu, hata ukiwa mtupu. Hakuna wa kwenda kwenye makopo mpaka yeye aseme. Na hatuondoki mpaka maganda yote ya risasi yameokotwa. Kaka yangu alilipenda hilo la maganda tu. Akishika bunduki alifumba macho yote mawili, na mlio ukitoka alishtuka kana kwamba aliyefyatua ni mtu mwingine.

Mimi nilipenda ule ukimya kabla ya mlio. Nikilala kifudifudi kwenye changarawe, baba aliniwekea kiganja mgongoni.

"Pumua. Toa nusu. Nusu nyingine ibakishe. Sasa bana kidogo kidogo, usivute."

Siku moja alinipa risasi tano na kopo moja. Zote tano ziliingia, na matundu yalikuwa karibu karibu kiasi cha kufunikwa na ngumi yangu. Baba alikwenda mwenyewe kulichukua kopo. Alirudi anacheka, akaninyanyua juu na changarawe zangu na vumbi langu.

"Wallahi, huyu binti kanishinda!"

Nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote mkoa mzima wa Sharqiyah, na furaha hiyo ilidumu mpaka nyumbani tu. Mlangoni tulimkuta binamu mkubwa wa baba, yule ambaye neno lake ndilo neno la ukoo. Aliliona kopo nyuma ya pikapu, akalichukua, akaingiza kidole kwenye tundu moja baada ya jingine, akauliza ni nani aliyepiga. Baba alinitazama. Naapa alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema kwa Kiarabu chake kile cha kuokoteza:

"Weldi." Mwanangu wa kiume.

Yule mzee akampiga kaka yangu begani, na kwa mara ya kwanza akaingia ndani kwetu akakaa. Alikunywa vikombe vitatu vya kahawa. Mama alinishika mkono akanipeleka jikoni kupanga tende kwenye sahani, na niliponuna akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Muonee huruma baba yako." Mpaka leo sijui kwa nini huruma ya nyumba ile ilikuwa lazima itoke kwangu. Wiki iliyofuata kopo lilitundikwa, na mimi nikaambiwa nimekua sasa, wadini niende kumimina chai.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakumjua baba yangu.

Siku ya tatu ya Idi wanaume wa ukoo hukusanyika chini ya mlima, huwekwa jiwe jeupe mbali, na kila nyumba hutoa mpigaji mmoja. Nyumba iliyolipiga jiwe hujulikana mwaka mzima. Sisi tulikuwa hatujawahi kuitwa. Idi ile yule mzee alileta salamu mwenyewe: mtoto wa kopo aje.

Asubuhi kaka yangu alinifuata jikoni kanzu mpya mwilini.

"Mwambie baba aseme ukweli."

"Mwambie wewe. Si wewe hodari?"

Neno hilo, kama ningeweza kulirudisha, ningelirudisha, maana yeye hakuniibia kitu. Alivalishwa tu kitu changu kwa nguvu.

Wanawake tulitazama kutoka ndani ya magari. Wanaume walimpa kaka yangu bunduki kubwa, si saktuni, na risasi tatu. Zote zilikwenda mlimani. Nilikuwa nimebana pumzi nusu, kidole kimekunjika juu ya goti, na jiwe lile nililiona wazi kama sahani mezani. Mtu mmoja akasema labda kopo lenu mlilitoboa kwa msumari, na watu wakacheka. Baba naye akacheka nao. Kicheko kile kilinitia uchungu kuliko uongo wenyewe. Njiani alisema vumbi lilimwingia mtoto jichoni, na wageni waliendelea kuambiwa hivyo miaka mingi, kopo likiwa pale pale ukutani. Kaka yangu hakushika bunduki tena. Alipopata kazi Sur, mji wa mbali pwani, aliikubali siku hiyo hiyo.

Mimi niliolewa Nizwa. Katika miaka ya elfu mbili palifunguliwa uwanja wa shabaha nje ya mji, na siku moja ya mapumziko wakakaribisha familia na watoto, walimu wamesimama nyuma ya kila mkeka. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Kaka yangu alimleta baba, aliyekuwa sasa anatembelea mkongojo. Mwalimu aliniruhusu kupiga magoti kando ya mwanangu. Nikamwekea kiganja mgongoni, nikamwambia maneno yale yale, nusu na nusu.

Karatasi ilipoletwa, matundu yote matano yangefunikwa na sarafu moja. Baba aliipokea, akaiinua juani. Akanitazama. Mama mzima wa watoto watatu, nikasimama mbele yake nikingoja. Laiti angeusema ukweli kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nisikie, ingenitosha.

Akamgeukia mzee aliyekaa jirani yake, mtu asiyetujua kabisa, akamwonyesha karatasi. Kiarabu chake kilikuwa kimenyooka siku hizi.

"Mkono wa mjomba wake huu," alisema.

Kaka yangu alifungua mdomo. Akaufunga, akainama, akaanza kuokota maganda.

"Mama, kumbe mjomba alikuwa hodari?" mwanangu aliniuliza.

Baba alikuwa bado ananitazama, karatasi kifuani, macho yamejaa maji.

"Ndiyo," nikamjibu. "Alikuwa hodari sana."