Aliyekula Pakiti ya Kijani

Siku kumi na tisa kabla ya Sikukuu ya Mwezi, kompyuta ya oda kwenye duka la keki la ukoo wa Tsai ilizima kwa mara ya tatu wiki ile. Kui-hun akaichapa kofi la ubavuni, vile anavyoichapa skuta yake ikigoma kuwaka.

"Usiipige!" Shangazi alifoka kutoka kwenye oveni. "Ikisusa je?"

"Imeshasusa, Shangazi! Unataka isuse mara ngapi?"

Huyo ndiye Kui-hun. Miaka ishirini na saba, hasira ziko puani. Shule ya ufundi aliiacha mwaka wa pili baada ya kumrushia mwalimu kiti, na mpaka leo anasisitiza kiti hakikumpata. Shangazi ndiye aliyemlea, akamfundisha kukanda unga na kujaza choroko kwenye keki. Lakini kuingiza oda kwenye kompyuta lilikuwa wazo la Kui-hun. Zamani duka liliuza kwa majirani tu hapo mjini Tainan. Sasa watu waliagiza kwa simu kutoka kisiwa kizima, na sikukuu iliyopita walifunga maboksi elfu mbili.

Tatizo, mashine ikizima oda zinapotea. Huyu anapata maboksi mawili, yule hapati hata harufu.

Alimpigia binamu yake, Bun-kiat, fundi wa bure wa familia. Bure yake ni sahani mbili za wali na mguu wa nguruwe kila akija, na anakuja akijisikia.

"Nipo milimani na shemeji yako," Bun-kiat alisema. "Zima halafu uwashe."

"Imezima yenyewe!"

"Basi nusu ya kazi imeisha. Nakuja keshokutwa."

Kui-hun alikata simu, akageuka, macho yakatua kwenye pakiti. Juu ya kompyuta zilikaa pakiti sita za kijani za bisi za nazi, zile ambazo jina lake ni kama kumwambia mtoto "tulia, uwe na adabu". Nani hazijui? Hospitali wanaziweka juu ya mashine zao ili zitulie zisiharibike, benki wanaziweka. Lazima iwe ya kijani, lazima tarehe isiwe imepita, na haifunguliwi ikiwa kazini. Shangazi, kila kompyuta ikizima, aliongeza moja.

"Tulia?" Kui-hun aliiambia kompyuta. "Sita zote hizi na hutulii?"

Akanyakua pakiti moja, akaichana kwa meno, akaanza kula. Mbele ya wateja watatu. Kra, kra, kra.

Mama Khu, aliyefuata keki za mkwewe, alijiziba mdomo. "Jamani, ameila!"

Kui-hun akabonyeza kitufe huku anatafuna. Kompyuta ikatoa mlio mmoja wa kama mtu anakoroma, ikanyamaza kabisa. Hata taa ndogo ya mbele haikuwaka tena.

Shangazi hakupiga kelele, na hapo ndipo Kui-hun alipoogopa. Shangazi akijifuta mikono polepole namna ile, ujue ameshaamua.

"Nafunga oda za simu," alisema. "Tunarudi kwenye daftari. Na hili duka nitaliendesha mwenyewe nilivyoliendesha kabla hujaota meno. Wewe utakanda unga."

"Shangazi, kwa bisi?"

"Kwa kichwa chako."

"Nipe siku mbili."

"Za nini? Ule na zilizobaki?"

"Siku mbili. Nikishindwa nitakanda unga na sitafungua mdomo."

Shangazi akamtazama. Kui-hun asiyefungua mdomo, hiyo zawadi hata yeye hakuweza kuikataa.

Aliwasha skuta, akapita duka moja baada ya jingine sokoni akiuliza swali lile lile: kompyuta yenu anatengeneza nani? Wengi walitaja mtoto wa dada, au jirani fulani. Lakini muuza vibonge vya samaki alimshangaa. "Kutengeneza? Yetu haiharibiki. Kuna mama anaitwa Teng, anaziangalia za maduka kumi na nne."

Ofisi ya Teng ilikuwa ghorofani juu ya duka la miwani. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nywele fupi, kandambili miguuni, mezani skrini nne.

"Ikiharibika unampigia nani?" aliuliza.

"Binamu."

"Akiumwa?"

"Anakuwa binamu mgonjwa."

Teng hakucheka. "Mimi sifanyi kazi ya kuja mara moja nikaondoka. Nikija, nakaa. Mnanilipa kila mwezi, iharibike isiharibike."

"Shangazi atanichinja."

"Basi chagua, kichwa chako au duka."

Kui-hun alitaka kumjibu vibaya, akalimeza jibu. Alikwenda pale kutafuta mtu wa kukaa, na huyu ndiye wa kwanza kusema atakaa.

Teng alikuja alasiri ile ile. Jambo la kwanza, alizishusha zile pakiti tano kwa mikono miwili, moja moja, kama anashusha watoto wachanga. Chini yake kulikuwa na matundu.

"Hapa ndipo inapopumulia," alisema. "Mmeiziba pua, na oveni iko hatua tatu. Shangazi, wewe ungekaa hapa na mablanketi matano kichwani?"

"Lakini ilikufa huyu alipokula!"

"Ilikufa kwa joto." Teng akamgeukia Kui-hun. "Ila kula nako hakukuwa na heshima."

"Aombe msamaha," Shangazi alidakia.

"Nani? Mimi? Nimwombe msamaha huyu bati?"

"Omba tu," Teng alisema. "Hata mimi mashine zangu nimeziwekea pakiti. Moja moja, pembeni, siyo puani."

Mama Khu alikuwa amerudi, bila shaka kutazama. Kui-hun akavimba mashavu. Akainamisha kichwa mbele ya kompyuta. "Samahani," akasema kwa meno yaliyobana. "Sirudii."

Kompyuta ilipopoa ikawaka, na kuanzia hapo Shangazi alimsikiliza Teng. Oda zote ziliokolewa, nakala zikapelekwa mahali pengine nje ya duka. Birika la umeme likahamishiwa soketi nyingine. Kila mtu akapewa neno lake la siri, na Bun-kiat akaambiwa asiguse kitu. Kuhusu malipo ya kila mwezi, Shangazi aligoma.

"Nikulipe kwa kukaa tu?"

"Unanilipa ili usinione," Teng alimjibu.

"Nitaona kwanza sikukuu hii," Shangazi alisema. "Ikizima tena, nje wewe, na jikoni huyu."

Siku tisa kabla ya sikukuu, saa nne asubuhi, foleni imefika mpaka duka la uvumba, simu ya Kui-hun ikalia.

"Diski yenu inaanza kufa," Teng alisema. "Naiona kutoka huku. Zima sasa hivi, nakuja na nyingine. Dakika ishirini na tano."

"Mbona inafanya kazi vizuri?"

"Ndiyo maana nakupigia sasa."

Bun-kiat, aliyekuwa pale anakula wali wake, akasikia. "Usizime! Nzima kabisa hiyo. Wanakutafutia sababu wakuuzie diski."

"Kui-hun," Shangazi alisema kutoka kwenye oveni, polepole. "Ukiizima ikakataa kuwaka, unajua tulivyokubaliana."

Alijua. Akamtazama Bun-kiat na mdomo wake wenye mafuta, akajiuliza ni lini huyu aliwahi kumpigia yeye kwanza. Akazima.

Foleni ikalipuka. Kui-hun akapanda juu ya kreti la soda.

"Nimezima mimi, kwa mkono wangu! Oda zenu zipo, hakuna iliyopotea. Fundi yuko njiani. Anayetaka kunitukana aje mbele, kuna chai na keki zilizovunjika, atanitukana akiwa ameshiba!"

Watu wakacheka. Wawili wakaondoka. Mzee mmoja alikuja mbele, akamtukana vizuri tu, akala keki tatu.

Teng alifika dakika ya ishirini na nane, jasho linamtiririka. Shangazi aliacha oveni, akasimama nyuma yake muda wote, mikono kifuani. Kompyuta ilipowaka, oda zilijipanga kwenye skrini kama zilivyoachwa, na tatu mpya juu yake, zilizotumwa kwa simu wakati imezimwa.

"Bahati hiyo," Bun-kiat alinong'ona.

"Kiat, kula unyamaze," Shangazi alisema. Kisha kwa Teng, "Hiyo simu ya kuonya. Unaweza kunipigia mimi?"

"Naweza. Ila awe mtu mmoja tu, mwenye amri ya kuzima bila kuuliza mtu. Nikisubiri mkutano wa familia, diski imekufa."

Shangazi akafikiri. Nje watu walikuwa wanaita.

"Mpigie huyo," alisema, akimwonyesha Kui-hun kwa kidevu, na akarudi kwenye oveni.

Kui-hun hakusikia. Alikuwa ameshashika simu, anawapigia wale wawili walioondoka, namba zao zimo kwenye oda.